Mshipa Umeshuka

Luka aliingia uani kwa Bi Fakhria, kule Mabawa, na katambuga moja. Ya kulia ilikuwa mguuni, ya kushoto haikuwapo. Yudith alikuwa amechuchumaa anapepeta mchele. Alimtazama mumewe miguu kabla ya uso, kama wanawake wafanyavyo mume anaporudi saa isiyo yake.

"Baba Ruthi, kiatu kiko wapi?"

"Kipi?"

"Cha mguu huo hapo! Umetembea peku toka bandarini?"

Luka aliinama kutazama, akashika ukuta upesi asianguke. Kweli. Wayo ulikuwa umechanika kwa changarawe, damu imekauka na vumbi, naye hakuwa na habari. Akajaribu kucheka.

"Kitakuwa kimenivuka njiani."

"Na hukusikia?"

"Sikusikia, mama Ruthi. Mguu umelala."

Yudith aliweka ungo chini. Alikuwa ameolewa na mtu asiyejua kulalamika, na mtu wa namna hiyo akikuambia mguu umelala, basi mguu una jambo. Alimkalisha kwenye kigoda na kumtoa maneno moja moja. Asubuhi walikuwa wanateremsha marobota ya katani kwenye tishari, chombo cha kupelekea mizigo melini. Ubao wa kuteremshia ulikuwa umelowa. Makuli walikwisha kuomba ubao uliopigiliwa vipande vya kukanyagia, wakaambiwa wasubiri, maana ubao mpya huandikiwa kwanza Dar es Salaam. Luka alikuwa upande wa chini, analizuia robota kwa mgongo. Walio juu wakateleza. Robota likaja na uzito wake wote, likamkalisha kitako juu ya mbao za tishari, na ndani ya mgongo wake kitu kikalia kama muwa unaovunjwa.

"Ukafanya nini?"

"Nikainuka. Mnyapara alikuwa anapiga kelele."

"Ukaendelea kubeba?"

"Mpaka mguu ulipokataa."

Bi Fakhria alitoka chumbani kwake na tasbihi mkononi. Ndiye mwenye nyumba, mtu wa asili ya Omani aliyezaliwa Tanga na asiyepata kuiona Omani, na wapangaji wake wote aliwaita wanangu, hata wale aliowatoa kwa deni.

"Shikamoo, bibi," alisema Luka.

"Marahaba, mwanangu. Geuka nikutazame."

Akambonyeza kiunoni kwa dole gumba. Luka akatoa sauti ambayo mkewe hakuwa amepata kuisikia. Kutoka hapo Bi Fakhria akaufuata uchungu kwa kidole, makalioni, nyuma ya paja, mpaka kwenye goti, akatikisa kichwa.

"Huu mshipa. Umetoka mgongoni umeshuka mguuni. Nitakukanda kwa mafuta ya nazi, lakini kesho nenda hospitali yenu ya kampuni. Na ukifika usiwape hadithi ndefu, wale hawana subira. Sema mshipa umeshuka. Basi."

Luka alikuwa Msambaa wa Vuga. Alilipokea neno lile kama alivyoyapokea maneno mengine ya pwani, bila kuuliza lina watoto wangapi.

•

Hospitali ya kampuni ilikuwa nyumba ndogo nyeupe kwenye njia ya kwenda Raskazone. Ilijengwa huko ili daktari asichoke kutoka kwake. Makuli walikaa upande wa pili wa mji, lakini wao wana miguu. Luka alikwenda akimwegemea Yudith, wakapumzika kila penye kivuli, wakakuta benchi la barazani limejaa, wanawake na watoto wao wa homa, wanaume na vidonda vyao.

Daktari alikuwa mgeni. Maneno ya Kiswahili aliyokuwa nayo yangejaa kiganja: homa, kuhara, kikohozi, wapi, mshipa. Hilo la mwisho alifundishwa na wenzake huko Raskazone, wakimwambia kwamba wanaume wa pwani hii ni watu wa mshipa, atauona mpaka auchoke. Mengine yote alitafsiriwa na dresa wake, Ernesti, mfunga vidonda, kijana wa bara aliyesoma misheni na kuvaa soksi ndefu mpaka magotini.

"Wewe unaumwa nini?" aliuliza Ernesti kutoka mlangoni, bila kumsogelea.

"Mshipa, bwana dresa. Umeshuka."

Daktari aliinua kichwa. "Aah, mshipa!" akasema, akafurahi kama mtu aliyekutana na jina analolijua katika mji wa kigeni. Akampungia Ernesti mkono, akasema neno kwa Kiingereza, akarudi kwenye sikio la mtoto alilokuwa analichungulia.

"Umeshuka sana?" akauliza Ernesti.

"Sana, bwana. Mpaka chini."

"Mpaka chini!" akadakia mzee mmoja wa kwenye benchi. "Huyo atauvutia kwa kamba!"

"Atautilia kwenye tishari," akasema mwingine, na baraza zima likacheka, hata wanawake, wakiziba midomo kwa kanga. Luka naye akatabasamu. Alidhani wanacheka kwa kuwa ni kuli.

"Mguu wenyewe umekufa ganzi, bwana," aliendelea. "Na toka jana mkojo hautoki vizuri."

"Ndivyo ulivyo, ukiwa mkubwa. Unachosha mguu, unabana mkojo. Watu wa mshipa hupasuliwa Alhamisi. Njoo Alhamisi, na usile kitu."

Siku ile ilikuwa Ijumaa.

"Hamnitazami?"

"Unataka nikuvue nguo mbele ya mama zako hawa?" Ernesti akageuka kulitazama baraza, baraza likampa kicheko alichokitaka. "Utavuliwa hiyo Alhamisi. Haya, mwingine!"

Luka akashukuru. Ndiyo, alishukuru, maana haya ya kuvuliwa nguo mbele ya akina mama ilimtisha kuliko maumivu. Mtu mdogo akihurumiwa aibu yake hudhani amehurumiwa yeye mzima.

•

Mguu wa kulia ulilala Jumamosi. Jumapili mkojo haukutoka kabisa mpaka Bi Fakhria alipomkanda tumbo kwa kitambaa cha moto, ukatoka wenyewe, kitandani, Luka asijue kama umetoka. Alijua kwa uso wa Yudith. Mtoto wao Ruthi alipelekwa kwa jirani asione.

"Ni mshipa tu," alisema Luka, uso ukutani. "Alhamisi wataukata."

Jumatatu mnyapara Safari alikuja, kofia mkononi, akasimama mlangoni asiingie.

"Pole, Luka. Nimesikia una mshipa."

"Ni robota lile, mnyapara. Lililonikalisha."

"Robota gani?"

"Wewe si ulikuwapo? Ulinipigia kelele niinuke."

"Mimi hupiga kelele kila siku, nitakumbuka ipi?" Safari akaigeuza kofia yake. "Sikiliza, ndugu yangu. Mshipa si ajali. Nimeuliza ofisini. Mshipa mtu huja nao kazini, kampuni haihusiki."

"Kwetu milimani hakuna mshipa."

"Basi umekupata kwa maji ya Tanga. Ishtaki bahari." Akacheka peke yake, akaona hakuna anayemfuata, akakohoa. "Nafasi yako nimemtia mtu. Ukipona njoo, tutaona."

Yudith alikuwa nyuma yake na debe kichwani, amesikia yote. Akampisha apite, akaenda bombani.

Bombani palikuwa na foleni na mazungumzo. Mwanamke mmoja, Harusi, mke wa mpika chai wa stesheni, akamgeukia kwa huruma ya kweli.

"Maskini, na ulivyo mdogo! Wangu naye anao. Usiku hulala ubavu, kaukumbatia kama mtoto. Mchana anashonewa kanzu pana."

Yudith hakuelewa. "Anao nini?"

"Mshipa, mwenzangu. Si huo wa mumeo?"

"Anaukumbatia vipi, nao uko mgongoni?"

Kicheko kilichotoka hapo kilimfanya hata mwenye bomba ageuke. "Mgongoni! Mwacheni wa milimani huyu! Busha, mama, busha! Mshipa wa mwanaume uko mgongoni tangu lini?"

Debe la Yudith lilijaa, likafurika, maji yakamlowesha miguu. Aliliacha hapo hapo. Alikimbia barabara nzima ya Mabawa, akaingia chumbani anahema.

"Baba Ruthi! Umewaambia una busha!"

"Nimewaambia nina mshipa."

"Kwao mshipa ndio busha! Ndicho watu walichokuwa wanacheka! Wanakungoja Alhamisi wakukate kitu ambacho huna!"

Bi Fakhria akaitwa, akafika na kuketi, na alipoelezwa alijipiga paja.

"Ewe Mola! Lakini mshipa si ni wote? Wa damu mshipa, wa mgongo mshipa, na huo mwingine pia mshipa. Mtu mwenye akili huuliza, upi?"

"Hawakuuliza," alisema Luka.

•

Jumanne Yudith alifika hospitali kabla ya baraza kujaa, lakini Ernesti alichelewa, na alipofika benchi halikuwa na nafasi. Alijaribu kumvuta pembeni. Ernesti hakuvutika. Alipenda kusemeshwa hapo mlangoni.

"Sema hapa, hapa ndipo hospitali."

"Bwana dresa, ni habari ya mume wangu, Luka. Haumwi kile mnachodhani."

"Sisi hatudhani. Anaumwa nini?"

Yudith akateremsha sauti. "Hana... hana hicho."

"Hana nini? Sema!"

Alitazama chini, kwenye soksi ndefu za Ernesti, na alisema kwa sauti iliyotoka kubwa kuliko alivyotaka. "Mume wangu hana busha!"

Baraza likalipuka. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele. "Heri yako, dada!" mtu akasema. Ernesti naye alicheka mpaka akafuta macho.

"Umejuaje?"

"Mimi ni mkewe."

"Wewe mkewe, sisi ndio hospitali. Mwenyewe kasema kwa kinywa chake, mshipa umeshuka, na daktari amesikia. Sasa daktari amwamini nani, mgonjwa au mke wa mgonjwa?"

"Miguu yote imekufa, bwana. Anajikojolea kama mtoto. Nipeleke kwa daktari nimwambie mwenyewe."

"Kwa lugha gani?"

Daktari hata hivyo hakuwapo, alikuwa amekwenda kwake kula. Yudith akaifuata njia ya Raskazone kwa miguu, katika jua. Nyumba za huko zina madirisha mengi sana, na hakuna hata moja linalotazama barabarani. Kwenye geti la daktari alimkuta mlinzi, Timotheo, mtu wa makamo, Mbondei, ambaye hakuwa mbaya. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Shida yako naijua, mwanangu. Lakini bwana amelala, na akilala ni mimi nitakayefukuzwa. Mambo ya makuli anayasikia kazini tu."

"Naweza kungoja?"

"Ngoja. Lakini si mbele ya geti."

Alingoja ng'ambo ya barabara mpaka gari lilipotoka. Alinyoosha mkono. Daktari, mtu mwenye adabu, akampungia naye, akapita.

Mwanamke akihangaikia mumewe hakuna anayemwona. Huonekana mume akishazikwa, na hapo wakubwa hutuma pole zao.

•

Alhamisi Noa, kuli mwenzake Luka, alikuja na rikwama ya kubebea mizigo. Walimlaza juu ya gunia, na Noa akaivuta mwenyewe kutoka Mabawa, Yudith nyuma anasukuma. Penye mashimo Noa alisema, "Samahani, kaka," na Luka alijibu, "Wala sisikii," na Noa hakuomba radhi tena.

Walimvua, walimweka mezani, walimfunika shuka. Ernesti alipanga vyombo. Daktari aliosha mikono, akavaa mipira ya mikononi, akaja. Ernesti alifunua shuka. Akatazama. Akafunika, akafunua tena, kama mtu aliyepotelewa na kitu alichokiweka mwenyewe.

Daktari akasema neno la Kiingereza. Kisha kwa Kiswahili, "Mshipa wapi?"

"Mgongoni, bwana," alisema Luka.

Mgongo daktari hakuujua kama neno, lakini aliuona mkono wa Luka ukijaribu kuufikia. Akamgeuza. Kiunoni palikuwa peusi, pamevimba, na mfupa mmoja wa uti umesogea kutoka kwenye safu ya wenzake. Uso wa daktari ulibadilika, tuseme ukweli, ukawa uso wa mtu anayeijua kazi yake. Akachukua pini, akamdunga wayo, akamdunga kifundo, goti, paja. Luka alikuwa anatazama dirishani wakati wote huo.

"Ameanza?" akauliza.

Daktari alimgeukia Ernesti na kumfokea mpaka shingo ikawa nyekundu. Na Ernesti, alipokwisha kufokewa kwa Kiingereza, akamfokea Luka kwa Kiswahili.

"Kwa nini hukusema mshipa wa fahamu? Ndivyo unavyoitwa! Mshipa wa fahamu!"

"Mimi sijui wa fahamu, bwana. Mimi najua huu wa mgongo."

"Umenitia aibu!"

Yudith alikuwa amesimama mlangoni. Hakukuwa na mtu wa kumtoa, basi akaingia. Daktari alipomwona akaanza kueleza, taratibu, akikipitisha kidole kwenye mgongo wa Ernesti kama mwalimu kwenye ubao, na Ernesti, aliyegeuzwa ili mgongo wake uonekane, akafasiri akiwa ametazama ukuta. Ndani ya uti wa mgongo mna kamba. Kamba hiyo inatoka kichwani, na penye kila mfupa inatoa vijikamba vidogo, huku na huku. Vya juu vinakwenda mikononi. Vya chini vinakwenda miguuni, na kwenye kibofu, na huko kwingine. Ndivyo vinavyopeleka habari na kurudisha habari. Mguu ukiumia kichwa hujua kwa njia hiyo, na kichwa kikitaka mguu utembee, ni njia hiyo hiyo. Mfupa ukihama, huzikalia kamba. Miguu haina ugonjwa. Kibofu hakina ugonjwa. Havipati habari tu.

"Kamba iliyokaliwa hukatika?" aliuliza Luka. Kamba alizijua.

"Ikiondolewa mzigo mapema, haikatiki," alifasiri Ernesti. "Ikikaliwa sana, hufa."

Yudith akasogea. "Muulize, kama angemtazama Ijumaa ile, siku ya kwanza?"

Ernesti aliinama akavuta soksi yake juu.

"Muulize, bwana."

Daktari alimtazama Yudith, kisha dresa wake, akauliza mwanamke anasema nini. Na Ernesti akamjibu kwa Kiingereza kwamba mwanamke anashukuru sana. Daktari akainamisha kichwa kidogo, kwa heshima, akaenda kuosha mikono.

•

Waliandika Dar es Salaam, na Dar es Salaam wakajibu kwamba kwa muda uliopita kumpasua hakutasaidia. Alale chali juu ya ubao. Mfupa utashika wenyewe. Habari za miguu, wangoje. Kama zitarudi, daktari alisema, zitaanza juu, mapajani, na kushuka kidogo kidogo, basi mke amguseguse kila asubuhi na kumuuliza.

Mnyapara Safari alikutana na Yudith sokoni. Alikuwa amekwisha kusikia.

"Lakini daktari mwenyewe sasa anasema ni mgongo," alisema Yudith. "Anasema ni robota."

"Daktari amesema kwako. Ofisini alisema nini siku ile ya kwanza? Mshipa. Na mumeo alisema nini? Mshipa. Na sasa wanasema ni nini, mshipa wa fahamu, sivyo?" Safari alifungua mikono kama mtu asiye na hila. "Shemeji, mshipa ni mshipa."

Yudith alirudi nyumbani na hakumwambia Luka. Aliosha mashuka, akayaanika, akamgeuza Luka upande wa pili ili asichubuke, akamkanda tumbo mkojo ukatoka. Kesho yake akafanya hivyo hivyo. Bi Fakhria alipunguza kodi, kisha akaacha kuidai, kisha akaacha kupita mbele ya mlango wao.

Kila asubuhi kabla ya uji Yudith alikaa ukingoni mwa kitanda, akaanza na mapaja.

"Hapa?"

"Sisikii."

"Na hapa?"

"Bado, mama Ruthi."

Alimgusa kwa kidole, kwa kucha, kwa kijiko baridi, kwa kijiko cha moto. Alimfinya mpaka ngozi ikabaki na alama. Luka alijibu kwa upole, kila mara, mpaka upole wenyewe ukamchosha Yudith kuusikia, na Luka naye akachoka kuutoa. Alianza kuuogopa mlango wa asubuhi. Alikuwa anamwona mkewe akikunja shingo kusubiri neno moja, na hakuwa na neno hilo.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza. Asubuhi hiyo Yudith alikuja kukaa mahali pake kama kawaida, ila alimpa Luka mgongo, na kutoka alipolazwa Luka hakuiona mikono yake.

"Hapa?" akauliza.

Luka alikitazama kisogo cha mkewe, nywele hazijasukwa siku nyingi.

"Hapo," alisema. "Hapo nasikia."

"Kweli?"

"Kidogo. Kama siafu wanapita."

Mikono ya Yudith ilikuwa juu ya mapaja yake mwenyewe, imeshikana. Haikuwa imemgusa.

"Vema, baba Ruthi," alisema. Akakaa kidogo hivyo hivyo, hakugeuka. "Kesho utasikia zaidi."

Kisha akainuka, akaenda kuchemsha uji.